Viatu Vyeusi vya Madamu Neema

Nyamisangura, Tarime
Jumapili jioni

Bhoke wangu,

Barua huanza na salamu, lakini wewe hujaondoka bado, na salamu ulinipa asubuhi mdomo ukiwa umejaa povu la dawa ya meno. Kwa hiyo naingia moja kwa moja. Umekwenda Gorong'a kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu, hakuachii mpaka ule mara mbili. Nina muda wa kukaa peke yangu na hii kaunta buku. Meza ya chapati nimeifunga mapema. Watu wakaniuliza, "Mama Bhoke, unaumwa?" Nikawajibu siumwi, nina mwanafunzi wa chuo kikuu anahama kesho, mnataka nikae hapa nageuza chapati? Nililisema kwa sauti ili na mama wa duka la ng'ambo asikie. Wa kwake aliishia kidato cha nne.

Najua utasema, "Mama naye, majigambo tena." Acha nijigambe. Katika ukoo wetu wote, upande wa baba yako na upande wangu, na hata wale wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, wanaojiona wamesoma kwa sababu wanachanganya Kiingereza kwenye kila sentensi, hakuna binti aliyefika ulipofika wewe. Na chapati zangu zimo humo, kila mwaka wa shule yako.

Habari za kuchemsha maji na kufunga mlango sitaandika. Nimezisema mpaka unajibu "ndiyo mama" kabla sijafungua mdomo. Nataka kukuandikia jambo moja usilolijua. Ni juu ya ile Jumatano ya masika, uliyolala ukakosa kuwasilisha kazi ya kikundi chako. Wewe umeishi miezi yote hii ukijua ilivyotokea. Hujui. Mimi ndiye ninayejua, na nataka ujue kabla hujapanda gari, hata kama ukishajua utapanda bila kunikumbatia.

Ngoja nianze mbali, maana nikianzia penyewe nitajitetea vibaya.

Majina yalipotoka kwamba umepata nafasi kwenye lile tawi la chuo kule Mugumu, baba yako alisema, "Tumtafutie chumba huko huko, asome kwa utulivu." Nilimkatalia. Nilimwambia barabara ipo, gari la Matiko linaondoka alfajiri, vipindi vya darasani ni siku tatu kwa wiki, siku nyingine wanafundishwa kwa simu. Ana kwao, apange chumba cha nini? Niliwaambia wote kuwa ni usalama wako ninaofikiria. Baba yako aliniangalia tu. Ananijua. Sikuwa nafikiria usalama, nilikuwa nafikiria nani atakunywesha uji.

Halafu Mungu akatuletea Madamu Neema, au ndivyo nilivyodhani, kuwa ni Mungu. Mume wake yuko mpakani Sirari na makaratasi ya malori, yeye anafundisha Mugumu, wakatafuta nyumba ya katikati, wakaangukia vyumba vyetu vya uani. Nilitangaza mpaka kanisani: mhadhiri wa chuo kikuu amepanga kwangu! Siku anashusha vitanda nikamshika mkono nikamwambia, "Madamu, huyu binti yangu yuko chuoni kwenu, mtazame kama wako." Maneno mengine mtu huyasema kwa adabu tu, hategemei yatekelezwe.

Kwa mwaka mzima nimekuwa nawaangalia ninyi watu wa chuo mnavyochagua siku ya kwenda na siku ya kubaki, maana meza yangu ya chapati ndiyo kituo cha gari. Kila mtu ana sababu mdomoni. Mvua. Tope la kule mbele. Bando limekata. Mafua. Lakini ukikaa unawakaangia watu chapati kila alfajiri unaona mengine. Yule mwalimu mrefu, Mwalimu Marwa, alikuwa anakwenda Mugumu hata siku ambazo kipindi kimefutwa, kwa sababu nyumbani kwake kuna watoto sita na mama mkwe. Madamu Neema alikuwa anabaki siku ambazo mume wake hana zamu Sirari. Yule kijana wa Rebu alikuwa haendi kabisa, mpaka msichana mmoja wa mwaka wake akaanza kupanda gari la Matiko. Tangu siku hiyo hakukosa hata mvua ya mawe. Wote wanasema barabara, barabara. Nikawa nawacheka. Sikujiona mwenyewe nilipokaa kwenye hesabu hiyo.

Na wewe ulikuwa unachagua kwa viatu.

Hukuwahi kuniambia, niligundua mwenyewe. Bando lako lilikuwa linaisha usiku, kwa hiyo alfajiri hukuwa na njia ya kusoma matangazo ya grupu, kama leo ni darasani au ni kwa simu. Ukawa unafunua pazia na kuangalia mlango wa Madamu, pale kwenye ngazi, chini ya ile taa yake. Siku ya safari alikuwa anavitoa nje viatu vyake vyeusi, vile vya kufunika, halafu anaingia kunywa chai. Vikiwepo, unaruka kitandani. Visipokuwepo, anafundisha kwa simu, unavuta shuka. Hukukosea hata mara moja.

Sasa nikwambie kitu ambacho mama hasemi. Kiliniuma. Mimi niliyekubeba, niliyekuamsha miaka yote kwa kukuvuta kidole gumba cha mguu, leo unaamshwa na viatu vya mwanamke wa watu! Nilikuwa jikoni nasukuma unga, naliona pazia likifunuka, jicho lako linapita juu ya kichwa changu kama mimi ni ndoo, linakwenda kwenye ngazi yake.

Na usidhani siku za kubaki nyumbani zilikuwa zangu. Nilidhani zitakuwa zangu. Ndiyo maana nilikataa chumba! Nilijiona nakaanga, wewe umekaa karibu na simu yako unasoma, tunaongea kidogo, unanionjea chumvi. Kumbe siku za kubaki ulikuwa unachukua kigoda changu, kigoda changu mimi, unakwenda kukaa kwenye ngazi ya Madamu kwa sababu mtandao unashika vizuri pale. Mtandao! Halafu jioni, "Madamu anasema kahawa ya Tarime inapendwa sana na wageni." Bhoke, nimechuma kahawa tangu sijaota meno ya ukubwani, hujawahi kuniuliza mimi juu ya kahawa. "Madamu anasema." "Madamu alivyokuwa chuo." Baba yako akaanza kunitania, "Leo Madamu amesemaje?" Nikamnyima mboga.

Basi ile Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na mliambiwa kama barabara itakatika mtawasilisha wiki inayofuata. Jioni ulikuwa unajizoeza pale kwenye ngazi, kwa Kiingereza, umesimama, mkono unakwenda hivi na hivi, Madamu amekaa anakusikiliza. Nilikuangalia kutoka jikoni nikasema, yule ni wangu. Nikachukua sahani, nikaweka chapati nne za moto, nikaja. Nilitaka kusikia tu. Uliponiona ukakatiza, ukacheka, ukasema, "Mama, hii hutaielewa, we weka tu hapo, nakuja."

Hukusema kwa ubaya. Nakumbuka ulicheka. Hata hukumbuki uliwahi kusema hivyo, nina hakika. Nikaweka sahani. Na wakati nageuka, Madamu akanyoosha mkono akakurekebisha kola ya shati. Hivi, kwa vidole viwili, bila hata kuangalia, kama mtu aliyezoea.

Ningesamehe maneno. Ile kola sikuweza.

Alfajiri yake nilikuwa jikoni kabla ya watu wote. Mvua imekatika. Madamu akafungua mlango, akaweka viatu vyeusi kwenye ngazi, akarudi ndani. Nikavitazama. Sijui kama nilifikiri. Najua tu nilijikuta navishika mkononi, vimeng'aa kama sufuria mpya, nikaviingiza jikoni nikaviweka chini ya benchi, nyuma ya mfuko wa unga. Haikupita muda pazia lako likafunuka. Nikainama kama natafuta mwiko. Pazia likashuka.

Nilisubiri kidogo. Kisha nikachukua kitambaa, na Madamu alipotoka akawa anaangaza ngazi, nikamwita, "Madamu, viko huku, nilikuwa nakufutia tope."

"Mama Bhoke jamani, Mungu akubariki. Bhoke yuko tayari?"

"Bhoke tumbo limemshika usiku kucha. Mwache tu."

"Masikini! Leo?" Akaangalia dirisha lako. "Nimgongee nimpe pole?"

"Ndiyo kwanza amepata usingizi," nikasema, nikamfungia chapati mbili kwenye gazeti.

Matiko naye akapiga honi akauliza, "Huyu binti tunamwacha ama?" Nikasema mwacheni. Gari likaondoka.

Haya, sasa unajua. Kaa chini kama umesimama.

Saa moja ulipoamka ukanunua bando, ukakuta ujumbe wa wenzako kwamba Madamu yumo garini, ukaketi sakafuni. Niliona. Sikujua, naapa, kwamba siku ile wangekuja wale wageni wa kambi ya watalii kuwasikiliza na kuchagua wanafunzi wanne wa kwenda kujifunza kazi kwao likizo. Hakuna aliyejua, hata Madamu aliwakuta tu wamekaa. Lakini kutojua kwangu hakukurudishii ile nafasi. Sehemu yako alisoma mwenzako kwenye karatasi yako, na aliyesoma akachaguliwa.

Ulilia ukasema, "Madamu amebadilisha mawazo dakika ya mwisho, hata kunigongea tu mlango ameshindwa!"

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningefungua mdomo, jambo lingekuwa la asubuhi moja, ningepigiwa kelele, likaisha. Badala yake nikakushika kichwa nikasema, "Ndivyo walivyo wasomi, mwanangu. Wanajijali wenyewe." Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine wa kuuzia chapati za jana, lakini huo ndio ninaouonea haya.

Ukaacha kwenda kwenye ngazi yake. Kigoda kikarudi jikoni. Ulikuwa unamwamkia "shikamoo" kwa pembeni ya mdomo na kupita, na yeye, akidhani ulijifanya mgonjwa kwa kuogopa kusimama mbele za watu, akawa anakujibu "marahaba" ya ofisini. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Ulikaa na mimi ukanionjea chumvi. Uliniuliza habari za kahawa, siku hiyo nikakueleza mpaka ukasinzia. Zilikuwa wiki mbili tamu kuliko zote za mwaka ule. Halafu ukaweka kikombe chini ukasema, "Mama, siwezi kusoma kwa kutegemea viatu vya mtu. Mwaka ujao nahamia Mugumu."

Nilikaanga chapati siku hiyo zikaungua zote. Ningeacha viatu vya watu kwenye ngazi yao, ungekuwa bado unalala chumba cha pili kutoka changu. Nimekufukuza kwa mkono huu huu uliokuwa unakuvuta.

Nakuandikia na hili la bibi yako, maana umetoka kwake leo, na yeye hatakusimulia. Unajua niliishia kidato cha pili. Huwa nawaambia watu ada ilikosekana. Si kweli, babu yako aliuza ng'ombe. Shule ilikuwa mbali na Gorong'a, tulikuwa tunatembea alfajiri, na masika kijito kilijaa. Siku moja kilijaa nikarudi. Mama akafurahi! Akanipikia uji wa ulezi na maziwa, tukakaa tunachambua maharage, akanisimulia mambo ambayo hakuwahi kunisimulia. Kesho yake mawingu yalikuwa yametanda tu, hata tone halijashuka, akatoka nje akaangalia juu akasema, "Naona itanyesha, Nyangi." Akanitazama. Nikavua sare. Hakunikataza shule hata siku moja, ukimuuliza atasema mwanangu mwenyewe alichoka. Alikuwa ananiangalizia mawingu tu. Kufika Juni mwalimu alishanifuta kwenye daftari.

Sikumchukia, na usimchukie. Alikuwa na watoto wa kiume watano na binti mmoja. Lakini ningepaswa kuwa wa mwisho hapa Tarime kumwangalizia mtoto mawingu, na ndiyo kwanza nimemzidi: mama yangu alisubiri mvua, mimi niliiba viatu.

Kwa hiyo sikupi mafundisho, nina uso gani? Nakuambia tu nilichokiona. Atakayekutakia mabaya utamjua, una akili. Wa kumwangalia ni yule anayekupenda, anayekwambia "leo baki" na chakula tayari kiko mezani. Muulize unabaki kwa ajili ya nani, wewe au yeye mwenyewe. Hata nikiwa ni mimi. Na mambo ya kusoma ishara, pazia, viatu, sura ya mtu, acha. Mlikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlango hadi mlango, wewe na Madamu, nimezihesabu leo. Mngegonga.

Nimezihesabu kwa sababu nimezitembea. Baada ya kanisa nilikwenda kwake, alikuwa anaanua nguo. Nikasimama kama mtoto aliyevunja chungu, nikamweleza yote. Alikunja shuka mpaka likawa dogo kama kitabu. Mwisho akaniuliza:

"Kwa hiyo lile tope lilikuwa uongo?"

"Uongo."

"Nilijiuliza. Viatu nilikuwa nimevipiga rangi jana yake. Na tumbo?"

"Uongo."

"Na zile chapati mbili?"

"Chapati zilikuwa za kweli, Madamu."

Akacheka, halafu akaacha kucheka ghafla, macho yakamlowa. "Mama Bhoke, mimi nilimpa yule mtoto alama ya woga moyoni mwangu. Nilisema kumbe hana ujasiri. Na kwenye orodha ya wale wanne mimi ndiye niliyeulizwa kama kuna aliyekosekana anayestahili, nikasema hakuna." Akakaa kwenye ngazi. "Mwambie kabla hajapanda gari. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Nikamwambia nitamwandikia, mdomo wangu ukianza utatafuta pa kujificha. Akasema sawa. Kisha akaongeza, na hili nakuandikia ingawa linaniuma kulipitisha: wageni wale watakuja tena mwaka huu, na safari hii yeye mwenyewe atakutaja. Unaona? Hata kukutengenezea nilichokiharibu, ni yeye. Mimi nimebaki na chapati.

Usidhani basi wivu umeisha kwa sababu nimeuandika. Namwonea wivu huyo mama mwenye nyumba wa Mugumu. Umenisifia ugali wake mara nne, nimehesabu. Namwonea wivu huyo mwenzako wa chumba atakayekusikia unaongea usingizini. Unamtaja mbuzi wa utoto wako, atadhani umerogwa, mweleze. Navionea wivu hata vitanda vya huko. Lakini nenda. Kesho Matiko akipiga honi, mimi ndiye nitakayelibeba begi mpaka garini, na nitalibeba katikati ya barabara, polepole, mama wa duka la ng'ambo aone vizuri.

Jambo moja tu naomba. Ukija likizo, uniwasilishie na mimi ile kazi, kwa Kiingereza hicho hicho, na mkono uende hivi na hivi. Nitakaa mbele kwenye kigoda changu. Sitaelewa. Nitapiga makofi mahali pasipo pake. Usinikatize.

Nasikia pikipiki inakata kona. Si wewe, ni ya jirani. Nitaiweka hii juu ya begi lako, mimi nitakuwa jikoni nasafisha kikaango kilichokwisha safishwa. Ukimaliza kusoma, njoo unifokee. Usipokuja nitaelewa. Hapana, sitaelewa, nitakuja kukugongea.

Na kesho alfajiri usifunue pazia. Hata viatu viwepo, hata visiwepo, hiyo si kazi yako tena. Nitaingia mwenyewe nikuvute kidole gumba, mara ya mwisho kabla ya likizo. Amka na hasira zako ukitaka, lakini amka. Gari halimsubiri mtu, na safari hii nimemwambia Matiko: asiondoke bila wewe, hata mama yako akisema nini.

Mimi ninayekuonea wivu,
Mama